UZI: Kisumu, si kila homa ni malaria. Mbu wa mchana anazaliwa kwenye mapipa yetu

Mhudumu_Manyatta

Wadau wa Kisumu, hamjambo. Jambo hili nimelibeba tangu mvua ianze, nikaona niliweke hapa, maana nyumba kwa nyumba sitawafikia nyote.

Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, Manyatta. Nikibisha hodi nikakuta mgonjwa amelala, naambiwa neno moja: "Ni malaria tu, tushachukua dawa kemisti." Amepimwa? Wanaangaliana. Malaria huku kwetu ziwani ipo na inaua, hilo halina ubishi. Ila si kila mwili ukichemka ni malaria, na hili nimelijua kupitia kwa kifungua mimba wangu.

Mwaka jana alitoka shule Jumatatu anatetemeka. Mimi nilikuwa Siaya matangani, baba yake akampeleka kliniki moja ya mtaani. Akapewa dawa za malaria bila kutobolewa kidole. Homa haikushuka. Jumatano akarudishwa, akadungwa sindano ya maumivu. Nilipofika Alhamisi nikampima kwa kile kipimo cha mkobani: hakuna malaria. Mtoto analia macho yanamuuma kwa ndani, akiyageuza kutazama pembeni anafunika uso kwa mikono. Magoti, mgongo, kila kiungo. Kifuani vipele vyekundu vidogo, ukivibonyeza vinafifia, ukitoa kidole vinarudi. Ni hospitali ya serikali ndiko damu ilipimwa vizuri tukaambiwa ni dengue.

Mimi nilikuwa najua dengue ni ugonjwa wa Mombasa. Daktari akaniuliza: "Mama, maji mnaweka wapi?"

Nikarudi nyumbani, moja kwa moja hadi kwa pipa la bluu la lita 200 nyuma ya jikoni, lile tunalokingia maji ya paa. Nikawasha tochi ya simu, nikamulika kwa upande. Maji meupe kabisa, ungeyanywa. Kisha nikagonga pipa kwa kiganja. Vijidude vyembamba kama vipande vya uzi vikazama vikijipindapinda, vingi sijui nihesabu vipi, halafu kimoja kimoja vikaanza kupanda tena juu kuvuta hewa. Viluwiluwi. Na juu kidogo ya usawa wa maji, kuzunguka pipa lote, kulikuwa na utando mweusi kama masizi ya sufuria. Nikaukwaruza kwa ukucha. Hayo ndiyo mayai. Mwanangu alikuwa akichota maji ya kuoga hapo kila asubuhi kabla ya kwenda shule.

Mbu huyu anayeeneza dengue anaitwa Aedes. Ni mweusi mwenye alama nyeupe, miguu yake kama imevaa soksi za mistari. Mtaro unaonuka si wake, huo una wenyewe. Yeye anataka maji yaliyotulia ndani ya chombo: pipa, mtungi uliokatwa shingo, tairi, sahani ya chini ya maua, tangi lililoachwa wazi. Anauma mchana, hasa asubuhi jua likishatoka na jioni kabla halijazama. Saa hizo neti yako imefungwa fundo juu ya kitanda.

Mayai yake hayafi yakikauka. Yanakaa miezi kadhaa yamegandia ukutani mwa pipa yakingoja maji yapande. Ndiyo maana kumwaga na kusuuza hakutoshi, lazima usugue. Kutoka yai hadi mbu mwenye mabawa ni kama wiki moja au siku kumi kwa joto letu hili. Na haruki mbali, wengi hawatoki hata mita 200 kutoka walikozaliwa. Anayekuuma ni wa ploti yako au ya jirani.

Msiseme ni la Pwani. Watafiti waliochunguza watoto wenye homa huku magharibi mwa Kenya mwaka 2014 na 2015 walikuta virusi vya dengue kwenye damu ya baadhi yao, na hakuna aliyekuwa amewashuku.

Ombi langu ni siku moja tu kwa wiki. Sugua vyombo, funika vyombo. Na mtu akiwa na homa, apimwe kabla ya kumeza dawa.

PwaniHadiZiwa

Asante sana mama. Mimi ni mtu wa Mombasa, kazi ndiyo iliyonileta Milimani. Mwaka 2013 dengue ilipotupiga Mombasa nililala siku nane. Wazee kwetu huiita kidingapopo, na jina hilo si la juzi: Unguja walikuwa wanalitumia tangu karne ya 19. Kenya ilithibitishwa mara ya kwanza Malindi na Kilifi mwaka 1982.

Niongeze kitu ambacho watu hawakijui. Dengue ina aina nne za virusi. Ukiugua moja ukapona, hiyo hairudi kwako. Lakini ukiambukizwa aina nyingine baadaye, mara ya pili huwa na hatari kubwa ya kuwa kali. Kwa hiyo mimi niliyepona 2013 ndiye ninayepaswa kuogopa zaidi, wala si kujigamba.

Kondele_Ploti12

Mama, kwa heshima zote. Haya mambo ni rahisi kusema. Huku kwetu mfereji unatoka Jumanne na Ijumaa, tena usiku. Siku zingine ni mkokoteni, mtungi shilingi 20, na ukiwa na watoto wawili unahitaji mitungi sita. Sasa nikisikia "mwageni maji" nashindwa kuelewa. Tukimwaga tutapikia nini? Serikali ilete maji kila siku uone kama mtu atajaza mapipa.

Mhudumu_Manyatta

Kaka wa Kondele, uko sahihi kuhusu maji na sitakubishia. Maji yangetoka kila siku, nusu ya kazi hii ingekuwa imeisha. Lakini sijasema umwage maji ya kupikia. Nikwambie mimi mwenyewe nafanyaje, maana pia nina pipa na pia nangoja mfereji.

Siku moja kabla ya maji kutoka, tunatumia yale ya chini yaishe: kufua, kuosha choo, kumwagilia sukuma. Pipa likibaki na kikombe kimoja au viwili, nalilaza chini, nasugua kwa brashi ngumu na sabuni, na mchanga kidogo pale kwenye mstari ambapo maji huishia. Hapo ndipo mayai yalipo, usipoteze nguvu kwenye sakafu ya pipa peke yake. Yale maji ya kusugulia namwaga kwenye udongo mkavu. Usimwage mtaroni, viluwiluwi vitaendelea kukua huko. Kisha pipa linajazwa, linafunikwa kwa kipande cha neti kuukuu mara mbili, kimefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli ukabana. Mfuniko wa plastiki uliopinda haufai. Mbu hupita penye upenyo mdogo sana.

Dakika kumi na tano. Nimezipima.

PwaniHadiZiwa

Hili la maji nikuunge mkono kwa mfano. Chikungunya ilipoingia Lamu mwaka 2004 haikuwa msimu wa mvua kubwa, ulikuwa ukame. Watu walihifadhi maji majumbani na vyombo vilikaa muda mrefu bila kubadilishwa. Waliopimwa damu baadaye, karibu robo tatu walikuwa wameshaambukizwa. Kutoka hapo ugonjwa ukavuka kwenda Komoro na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo tusingoje mvua ndiyo tuogope. Kiangazi nacho kina mapipa yake.

Chikungunya ni virusi vingine lakini mbu ni yule yule. Jina ni la Kimakonde, maana yake ni kujikunja, kwa vile mgonjwa anatembea ameinama kwa maumivu ya viungo. Ilitambuliwa kusini mwa Tanganyika mwaka 1952. Haiui watu wengi, ila viungo vinaweza kuuma miezi, wengine miaka.

Mjukuu_wa_Kano

Nimesoma hilo la kujikunja nikakumbuka dani, yaani bibi yangu. Alikuwa akihesabu umri wa watoto wake kwa ugonjwa: "Huyu alizaliwa mwaka wa o'nyong-nyong." Alisema kijiji kizima walilala, hata wa kuchota maji alikosekana, na viungo vilikuwa kama vimefunguliwa skrubu. Sisi tukidhani ni hadithi ya wazee. Je, ndiyo hiyo chikungunya?

Sista_Mstaafu

Mjukuu, dani hakukudanganya. O'nyong-nyong ilianza kaskazini mwa Uganda mwaka 1959. Jina ni la Kiacholi, lina maana ya viungo kulegea. Ilishuka ikaingia Nyanza, ikaenda Tanzania, na hadi 1962 watu kama milioni 2 walikuwa wameugua. Ni ndugu ya chikungunya, dalili zinafanana sana: homa, viungo, vipele vinavyowasha, na tezi za shingo kuvimba.

Tofauti iko kwa mbu. O'nyong-nyong inaenezwa na Anopheles, yaani mbu wa malaria, anayeuma usiku. Kwa hiyo tafadhalini, asije mtu akasoma uzi huu akatupa neti kwa sababu "mbu wa siku hizi ni wa mchana". Neti inabaki usiku, na pipa linasuguliwa mchana. Sisi watu wa ziwani tuna mbu wa zamu zote mbili.

Nimefanya kazi wodini miaka thelathini. Nitarudi kuandika kuhusu kumtunza mgonjwa, ngoja nimalize kazi ya jikoni.

Fundi_Pancha

Shikamoo wakubwa. Mimi naziba pancha kando ya barabara ya Kakamega. Nyuma ya kibanda nina tairi kuukuu kama 40, zingine zimekaa tangu nianze. Baada ya kusoma nimeenda kuangalia kwa tochi. Sitaficha, zina viluwiluwi karibu zote. Na kweli kila jioni tunaumwa pale miguuni nikadhani ni mbu wa mtaro. Nimefikiria kumwaga oili chafu ndani, ninayo ya kutosha. Itafaa?

Mhudumu_Manyatta

Fundi, umefanya vyema kwenda kuangalia, na umesema ukweli. Oili chafu usimwage. Mvua ikinyesha inafurika, inashuka mtaroni, inaishia ziwani, na samaki wa ziwa ndio tunaokula.

Tairi ni nyumba bora ya mbu huyu kuliko pipa. Hapa Kisumu watafiti waliohesabu viluwiluwi kwa aina ya chombo walikuta tairi ni kati ya vyombo vinavyotoa mbu wengi zaidi. Ukitazama umbo lake utaelewa: ilaze, isimamishe, iegeshe, bado kuna mfuko ndani unaobaki na maji, tena penye giza na joto. Kumwaga ni kazi ngumu, na ukimwaga mayai yanabaki.

Zile unazouza, ziweke chini ya paa au zifunike kwa turubai lililokazwa lisishike maji. Zile za kukalia au za kupandia mboga, toboa matundu chini au zijaze udongo. Zilizobaki tafuta anayekata kandambili, akuondolee.

BabaWawili

Samahani kwa kuingilia. Binti yangu ana miaka tisa. Leo ni siku ya tano. Alikuwa na homa kali, tulimpima malaria Jumapili, hakuna. Kemisti tukapewa dawa ya maumivu, ile ya rangi ya waridi. Jana usiku homa imeshuka tukafurahi. Lakini leo anasema tumbo linamuuma sana, ametapika mara nne, na amelegea, hataki hata simu. Homa haipo. Nimngojee hadi kesho kwa vile homa imeisha? Mama yake yuko kazini Nairobi.

Sista_Mstaafu

Baba, usingoje kesho. Mpeleke sasa hivi. Chukua boda au gari, nenda hospitali yenye wodi na maabara, si kemisti wala kliniki ya chumba kimoja. Waambie hivi: siku ya tano, malaria hakuna, homa imeshuka jana, tumbo na kutapika vimeanza leo. Waombe wamwangalie kama dengue na wampime damu kamili.

Beba hiyo dawa ya waridi uwaonyeshe, ila usimpe tena. Njiani akiweza kunywa, mpe maji kidogo kidogo kwa kijiko.

Mhudumu_Manyatta

Baba, mtu yeyote mwenye gari karibu nawe amsaidie. Uko wapi?

BabaWawili

Kondele. Jirani anatoa probox. Tunatoka.

Sista_Mstaafu

Wakiwa njiani niandike kile nilichoahidi, maana wengine mtakutana nalo.

Dengue inadanganya. Siku za mwanzo, homa ikiwa juu, mgonjwa anaonekana vibaya sana lakini wengi hawako hatarini. Hatari inakuja homa ikishuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Hapo ndipo kwa baadhi ya watu mishipa midogo huanza kuvuja maji ya damu, na presha inaweza kuanguka. Saa 24 hadi 48 zinazofuata ndizo za kukaa macho. Tumbo kuuma sana, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au puani, damu kwenye matapishi au choo, kuhema haraka, mwili kupoa na kuwa na jasho, mtoto kutotulia au kulegea kusiko kwa kawaida. Ukiona hata moja, ni hospitali, iwe usiku, iwe mvua.

Dawa ya kuua virusi hivi haipo. Kinachookoa ni maji mwilini kwa kipimo sahihi, na hospitali wanajua kiasi gani. Nyumbani, kwa ambaye hana dalili hizo: parasetamoli kwa kiwango cha umri wake, apumzike, anywe uji mwepesi, maji ya chumvichumvi ya pakiti, supu. Angalieni mkojo. Mtoto asiyekojoa kwa saa sita, msijiambie amelala tu.

Dawa za kukwepa ni aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Hili linaniuma kwa sababu ndizo zinazouzwa bila swali, na sindano ya diklofenaki imekuwa kama salamu kwa kila anayelalamika mgongo. Hadi dengue iondolewe kwenye shaka, msizikubali.

Jambo la mwisho, huwa linasahaulika. Mgonjwa mwenye homa alale ndani ya neti hata mchana. Mbu akimuuma yeye, siku chache baadaye anaubeba ugonjwa kwa walio nyumba hiyo na ya jirani.

Mfugaji_Gilgil

Poleni na mtoto. Naomba niulize la kwangu, labda linahusiana. Huku Gilgil tambarare imejaa maji tangu wiki jana na mbu ni wengi ajabu. Kondoo wangu saba wametupa mimba ndani ya siku tatu, wana-kondoo wawili wamekufa. Vijana wanataka kuchinja mmoja aliyedhoofu kabla hajafa. Ni dengue ya kondoo?

Mifugo_Njoro

Mzee, simamisha kisu kwanza. Hiyo si dengue, ila inaweza kuwa homa ya Bonde la Ufa, nayo ni ya virusi na mbu wanahusika. Ilielezwa mara ya kwanza huko huko kwenu, shamba moja kando ya Ziwa Naivasha, mwaka 1930 na 1931, kwa kondoo waliokuwa wakitupa mimba na wana-kondoo kufa kwa wingi. Mayai ya mbu wake hukaa kwenye udongo wa mabonde miaka mingi, mafuriko yakija yanaanguliwa, na baadhi yanatoka na virusi tayari. Tuliiona tena baada ya mvua za El Niño 1997 na mwishoni mwa 2006.

Binadamu wengi huipata kwa damu na nyama mbichi ya mnyama mgonjwa kuliko kwa mbu. Usichinje, usishike mimba iliyotoka kwa mikono mitupu, maziwa yachemshwe hadi yafure, watoto wasikaribie zizi. Pigia afisa wa mifugo wa wadi leo hii. Na usikimbilie kununua chanjo ukachanja mwenyewe: ugonjwa ukishaingia zizini, sindano moja kwa kondoo wengi inaweza kuusambaza.

Mfugaji_Gilgil

Nimeelewa. Nimewarudisha vijana, nimempigia afisa, anakuja asubuhi.

BabaWawili

Wadau, nimerudi hewani baada ya siku sita, samahani kwa kuwaacha gizani.

Tulifika saa mbili usiku. Sista, nilisema maneno yako kama ulivyoyaandika, niliyasoma kwenye simu. Presha ilikuwa imeshuka. Waliweka dripu, wakawa wanampima kila saa, na kutoa damu mara kwa mara kuhesabu chembe za kugandisha. Kipimo kikasema ni dengue. Daktari aliniambia ningengoja asubuhi, angekuwa anazungumza nami lugha nyingine.

Tumetoka juzi. Jana alikula ugali na omena, akaniomba simu. Nililia jikoni.

Leo asubuhi nimefanya ile ya kugonga pipa. Nilikuwa na hakika langu ni safi kwa sababu lina mfuniko. Mfuniko wenyewe umebonyea katikati, unashika maji ya mvua kama sahani, na ndimo walimokuwa. Nimetoka nikaenda mlango kwa mlango, ploti yetu ina milango kumi na miwili. Tumepata vyombo tisa vyenye viluwiluwi, na bado tangi la juu hatujalifungua. Keyateka, msimamizi wa ploti, amekubali lifunguliwe Jumamosi saa nne, lakini shimo lake ni dogo, mkono haufiki chini. Kuna mtu ana brashi ya mpini mrefu hapa karibu na Kondele?

Kondele_Ploti12

Baba, kumbe tunaishi ploti moja. Mimi ni mlango wa saba. Ninayo, ilikuwa ya kusafishia kuku. Nitaiosha leo, Jumamosi nipo.

Fundi_Pancha

Na mimi nitaleta tyubu za kufungia. Ni bure. Niambieni mapipa ni mangapi nizikate kabisa.